Barua ya Malalamiko: Mmetoboa Pua ya Gari Langu na Kulipachika Jina Lisilo Lake

Kwa Meneja Mkuu,

Ndugu Meneja,

YAH: BEJI YA PUA, STIKA ZA UBAVUNI NA KAULI YA MTUMISHI WENU WA MAPOKEZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti yenu ya kazi mnayajua kuliko mimi. Yamechapwa nyuma ya kila fomu mnayotusainisha, kwa hiyo sitawasomea. Oda yangu mnayo, mchoro mnao, na sampuli niliyoikubali ina sahihi yangu na mhuri wenu. Naandika kwa sababu ofisi yenu ya huduma kwa wateja imenijibu kwa barua pepe fupi ikisema inasikitika kwa "usumbufu mdogo uliojitokeza". Kwa heshima zote, usumbufu mdogo ni kumkalisha mteja kwenye foleni. Mimi mmenitobolea gari.

Nianze na lililoniuma zaidi. Nilipokuja kulichukua gari nililikuta limeegeshwa mbele ya mlango wa karakana yenu. Juu ya pua, mahali nilipoagiza ikae beji yangu yenye picha ya kipanga, kumefungwa beji ya duara, ya njano na kijani, yenye jina Lotus, kampuni ya magari ya Uingereza. Nilidhani mmechanganya kazi yangu na ya mtu mwingine. Nikamuuliza kijana wenu wa mapokezi, kwa sauti ya kawaida kabisa, beji yangu iko wapi. Akatoka, akaja hadi kwenye gari, akaigonga pua kwa ufunguo na kusema wateja wote wakimsikia: "Mzee, hili si gari la kiwandani. Hili ni bati na fibaglasi. Ungetushukuru, angalau sasa lina jina." Watu wakacheka.

Jina linalo, Ndugu Meneja. Linaitwa Kipanga. Limeandikwa kwenye fomu yenu ya oda kwa herufi kubwa, na limeandikwa tena chini ya mchoro ambao mchoraji wenu mwenyewe aliusafisha na kunirudishia niuhakiki.

Umbo la gari langu linafuata yale magari madogo ya wazi ambayo Lotus ilianza kuyauza mwaka 1957 kwa jina la Seven, na ambayo haki zake zilihamia kampuni ya Caterham mwaka 1973. Hilo silifichi, na kila aniulizaye humwambia. Lakini fremu nimeichomelea mimi. Paneli za alumini nimezikata na kuzipiga ribiti mimi. Kwenye beji mliyonifungia, juu ya lile jina, kuna herufi zilizosukwa pamoja: ACBC. Ni vifupisho vya Anthony Colin Bruce Chapman, mwanzilishi wa kampuni ile. Chapman hakuligusa gari hili. Kwa nini nitembee na vifupisho vya jina lake puani, kana kwamba kazi ya mikono yangu ni yake? Na ninyi mnaofanya biashara ya beji mnajua vizuri kwamba hiyo ni nembo iliyosajiliwa, yenye wenyewe. Anayeifunga kwenye gari ambalo halikutoka kwao anamfanya mwenye gari aonekane tapeli. Siku nikitaka kuliuza, mnunuzi wa kwanza mwenye macho ataniuliza nilitaka kumdanganya nani.

Kingine ambacho kijana wenu angepaswa kukijua kabla hajafungua kinywa ni kwamba magari yale yaliyoipa beji ile heshima yake, mengi yaliuzwa yakiwa vipande. Watu waliyanunua kwenye masanduku wakayaunga wenyewe nyumbani. Anachokidharau kwenye gari langu ndicho kilichofanya jina alilonibandikia lipendwe.

Sasa matundu. Fomu inasema "bila kutoboa". Nilichagua beji iliyokunjwa kidogo ifuate mviringo wa pua, ishikwe kwa tepu ya povu yenye gundi pande zote mbili, maana pua ni ya fibaglasi na sikutaka drili iikaribie. Fundi wenu ametoboa matundu mawili. Hakuweka hata kipande cha tepu ya karatasi juu ya rangi, wala hakuanza na keekee ndogo. Najua kwa sababu kuzunguka kila tundu tabaka la juu la fibaglasi limepasuka kwa mistari inayotawanyika kama miale, na mstari mmoja umefika karibu na taa. Nyufa za namna hiyo hazifunikwi kwa brashi. Unazisaga hadi mwisho wake, unaziba, unaweka matabaka mapya kwa nyuma, unapiga msasa, unapaka rangi ya msingi, halafu unapaka pua yote upya, kwa sababu kiraka cha kijani juu ya kijani kilekile kitaonekana tu jua likikipiga. Msinitumie tena ujumbe wa "tutaigusia rangi kidogo".

Na matundu yenyewe yamepangwa kwa kipimo cha beji ya duara. Beji yangu ni nyembamba na ndefu. Hata nikiiweka leo, matundu yatachungulia kulia na kushoto kwake.

Hiyo beji yangu, mliyoipeleka kwangu baada ya mimi kulalamika, mnaiitaje? Niliagiza enameli ya moto, unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya shaba kwenye tanuri, katika nyuzijoto 800 hivi, kisha ukasuguliwa hadi uwe sawa na kingo za chuma. Kazi ya namna hiyo jua halifubazi rangi yake. Nimeletewa plastiki iliyochapwa picha, ikamwagiwa utomvu wa epoksi juu ili ing'ae. Ukiiinamisha kwenye mwanga unaona kiputo cha hewa kimekwama juu ya jicho la kipanga. Epoksi ya kawaida ikipigwa na jua inageuka manjano, na gari langu halina paa. Bei mliyonitoza ni ya enameli. Risiti ninayo.

Stika ndiyo habari nyingine. Niliagiza vinili (plastiki ya stika) ya kumiminwa, ile nyembamba ya maikroni 50 hivi, kwa sababu inalala kwenye mviringo na haina tabia ya kujirudi. Mmenibandikia vinili ya kushindiliwa kwenye rola, nene, ile ambayo kila ikipata joto inakumbuka ilikovutwa na kuanza kujikunja kurudi. Kwenye madigadi imenyanyuka pembe zote. Duara jeupe la namba ubavuni limesinyaa na kuacha mzingo wa gundi ambao sasa umeshika vumbi na kuwa mweusi. Kipanga wa ubavuni nilimchora katika nakala mbili, wa kushoto na wa kulia, kila mmoja akitazama mbele. Mmechapa wa kushoto mara mbili. Kwa hiyo upande wa kulia kipanga wangu anaruka kuelekea nyuma ya gari. Kweli hakuna hata mtu mmoja katika karakana nzima aliyelizunguka gari lile akaliona hilo?

Halafu kisu. Fundi wenu amekata duara lile likiwa tayari juu ya gari, kwa kisu, juu ya rangi yangu. Upo uzi maalumu wa kukatia vinili, mnautangaza wenyewe kwenye ukurasa wenu wa huduma. Niliponyanyua ukingo uliosinyaa nikaona mkwaruzo unaolizunguka duara lote, umepita rangi ya juu, umepita rangi ya msingi, umefika kwenye alumini. Alumini haipati kutu nyekundu, lakini hewa na unyevu vikiipata chini ya rangi inafanya unga mweupe, na rangi inaanza kuvimba. Mmeniachia ugonjwa ambao utaendelea kutambaa hata mkishabandua stika zenu.

Katika kazi yote, ukanda wa njano puani peke yake ndio ulionyooka. Niliutaka kwa sababu timu za mbio zilikuwa zikizipa pua za magari yao rangi tofauti ili walioko pembeni mwa njia wamtambue dereva kwa mbali. Ulikaa vizuri, nakiri, kisha mkautoboa katikati.

Narudi kwenye barua pepe yenu. Imeandikwa humo kwamba mtumishi wenu "alikuwa akitania tu". Basi niruhusuni nirudie, polepole, ili aliyeandika hivyo aelewe utani huo ulikuwaje.

Sikwenda peke yangu. Nilikwenda na binti yangu, ambaye alinishikia tochi usiku nilipokuwa nikichomelea fremu, na ambaye ndiye aliyechagua jina la Kipanga. Alikuwa amesimama karibu na gurudumu la mbele, akiitazama beji isiyo yetu. Nilipouliza, kijana wenu hakutazama karatasi ya kazi, ingawa ilikuwa imebanwa kwenye kioo cha mbele, na mchoro wa kipanga uko juu yake. Alichukua funguo za gari langu, zikiwa na pete nzito ya chuma, akaigonga pua mara kadhaa, ko, ko, ko, kama mtu anayepima nazi. Alipogonga, rangi imebanduka. Ndipo akasema: "Hili si gari la kiwandani. Hili ni bati na fibaglasi. Ungetushukuru, angalau sasa lina jina." Meneja wenu wa zamu alikuwa hatua chache kutoka pale, simu mkononi. Alicheka pamoja nao. Nilipomwomba aseme neno alijibu, "Basi, mzee, ndivyo mambo yalivyo," akaingia ndani. Binti yangu hakusema kitu hadi tumefika nyumbani. Kisha akaniuliza kama ni kweli gari letu si gari.

Mwiteni mtu huyo amjibu yeye. Mimi nilishindwa kulijibu swali lile bila kupandisha sauti.

Kwa muktadha huo, naomba yafuatayo ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Beji itengenezwe upya kwa enameli ya moto, kama ilivyoagizwa na kulipiwa. Stika zote zibanduliwe kwa hewa ya moto, na mtu anayejua kazi, na si kwa kuvutwa zikiwa baridi. Pua izibwe na kupakwa upya.

Na pua ikishapakwa, msikimbilie kubandika. Rangi mpya hutoa hewa ya kemikali kwa wiki kadhaa, na vinili ikiwahi kufunika inafanya malengelenge. Hilo pia mnalijua. Maana yake gari langu halitakuwa tayari kwa muda mrefu, na hasara hiyo si yangu. Kwa hiyo kupaka pua peke yake hakutoshi. Paneli mbili za ubavuni zilizokatwa kwa kisu nazo zipigwe msasa hadi kwenye chuma na kupakwa upya, kwa gharama zenu, na mtu nitakayemchagua mimi. Karakana yenu haitaligusa tena gari hili. Ile kofia na kopo la nta mlilonitumia kama fidia vimo kwenye kifurushi kinachoambatana na barua hii. Sivihitaji. Punguzo la oda ijayo pia silihitaji, kwa kuwa hakutakuwa na oda ijayo.

Nilipoanza kuandika nilikuwa tayari kuacha fedha ya stika ipite, mradi beji itengenezwe. Sasa nimeandika yote haya na kuyaona yamepangana kwenye karatasi moja, naona nilikuwa mpole mno. Nataka fedha yote irudishwe, ya beji, ya stika na ya kufunga, na hiyo ni mbali na gharama za rangi. Nataka pia radhi ya maandishi kutoka kwa kijana wa mapokezi na kutoka kwa meneja wa zamu, kila mmoja na yake. Iandikwe kwa jina la binti yangu, ambalo nitawapa mkishakubali kuiandika.

Hapo juu nimetaja siku 14. Zifanyeni saba. Siku ya nane nitaiomba benki yangu iyapinge malipo, na faili lenye picha za matundu, mikwaruzo na sampuli yenye mhuri wenu litafika kwa mamlaka ya kulinda watumiaji na kwa wakili wangu. Beji ya duara mliyonifungia nimeifungua na kuihifadhi. Nyuma yake haina alama yoyote ya waliosajili nembo ile, na katika risiti mmeiandika kama bidhaa yenu. Wenye nembo nao nitawaandikia, niwatumie beji yenyewe pamoja na nakala ya risiti, wawaulize ninyi mmeitoa wapi na mmeshawafungia watu wangapi.

Nasubiri majibu kwa maandishi. Simu zenu sitapokea.

Wenu,
Mwenye gari la Kipanga

Viambatisho: nakala ya oda, sampuli yenye mhuri, risiti, picha, kofia na nta
Nakala: Wakili wangu