Kikao cha Jumamosi: muda umebadilika

Ndugu wanajeshi wastaafu, salaam.

Kikao chetu kwa Zoom kitaanza saa nane mchana badala ya saa kumi, ili tuzungumzie kwa nafasi wizi wa taarifa binafsi. Mtakumbuka kwamba mwaka 2006 kompyuta na diski zilizoibwa nyumbani kwa mtumishi wa idara ya Marekani inayohudumia wanajeshi wastaafu (VA) zilikuwa na taarifa za watu milioni 26.5.

Kabla ya siku hiyo, kila mmoja azuie taarifa zake za mikopo, ili mwizi asikope kwa jina lake, katika kampuni zinazozitunza: Equifax, Experian na TransUnion, zote tatu. Ni bure tangu 2018. Aidha, DD-214 (hati za kuondoka jeshini) za zamani zina namba nzima ya Hifadhi ya Jamii, hivyo tusizitume tena humu kwa picha (nami nimewahi kukosea).

Tafadhali thibitisheni kuhudhuria kabla ya Alhamisi jioni.

Katibu