Wito wa Harambee: Tuuezeke Upya Ukumbi wa Zamani wa Chuo Chetu

Ndugu wahitimu, wazazi, majirani na marafiki wa chuo,

Kamati ya Harambee ya wahitimu waishio Moshi inawaandikia kwa heshima kuomba mchango wa kuezeka upya ukumbi wa zamani, ule wa mawe unaotazamana na lango kuu, ambamo kila aliyesoma hapa alipokewa siku ya kwanza akiwa na sanduku lake na kuagwa siku ya mwisho akiwa na joho. Fundi tuliyemwita kuukagua hakuona ufa wowote wa kutia shaka kwenye kuta. Ugonjwa uko juu: mchwa wamekula kenchi za upande wa kaskazini, na mabati yameoza kwa kutu kiasi kwamba masika iliyopita watahiniwa waliandika majibu yao huku ndoo zikikinga maji katikati ya madawati.

Wapo waliotuuliza, na swali lao ni la haki, kwa nini tusiubomoe tukajenga ghorofa. Jibu la kwanza ni la mfukoni, kwa kuwa hatuna fedha za ghorofa, na kuta nzima hazibomolewi kwa sababu ya paa bovu. Jibu la pili ni kwamba chuo hutambulika kwa majengo yake kama mtu kwa sura yake. Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichapishwa kwenye noti ya shilingi 500, ile iliyochakaa upesi mikononi mwetu hadi sarafu ikaletwa mwaka 2014, na hata mtu asiyewahi kufika Mlimani aliubeba mfukoni. Jengo kuu la Makerere, lililokamilika mwaka 1941, lilipoteketea kwa moto Septemba 2020, Waganda wangeweza kusimamisha pale jengo la vioo la kisasa. Walichagua kulijenga upya kwa sura ileile ya zamani, likafunguliwa tena mwaka 2024. Sisi hatujaunguliwa, na kazi yetu ni ndogo zaidi kuliko yao.

Isitoshe, kuchangia ujenzi si jambo geni katika mji huu. Wakulima wa kahawa walioungana katika KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, mwaka 1933 waliona sehemu ya fedha za zao lao ikisomesha watoto na kujenga shule, na ushirika huo ukiwa umekwisha kuota mizizi, Chuo cha Ushirika kilianzishwa hapahapa Moshi mwaka 1963, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014.

Uongozi wa chuo umekubali kulipa ufundi. Vifaa tumeachiwa sisi. Tunahitaji mabati 320, mbao zilizokauka vizuri na kutiwa dawa ya mchwa, misumari, na mifereji ya kupeleka maji mbali na msingi, kwani mifereji ya zamani iling'oka na hakuna aliyeirudisha (tukiwemo sisi tuliopita chini yake kwa miaka mingi). Anayeweza kutoa bati moja atoe moja, na anayeweza kubeba kenchi nzima na wenzake wa mwaka wake wa masomo tutamshukuru zaidi. Mkungu wa ndizi, mbuzi, kuku au debe la mahindi vitapokewa pia na kuingizwa kwenye mnada, kama tulivyozoea kanisani baada ya ibada.

Harambee itafanyika tarehe 27 Desemba kuanzia saa nne asubuhi, mbele ya ukumbi wenyewe, siku ambayo wengi wenu mtakuwa mmepanda kuja nyumbani kwa Krismasi. Ahadi zitakazotolewa siku hiyo tunaomba zikamilishwe ifikapo mwisho wa Januari, ili mafundi wapate Februari nzima ya jua na mabati yawe yamepigwa kabla ya mvua za Machi. Kila mchango ukabidhiwe kwa mweka hazina wa kamati, na kila mchangiaji adai stakabadhi yake palepale. Hesabu zote zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo langoni.

Kwa niaba ya Kamati,
Katibu