Gari la umeme nitalichajia wapi, ghorofa ya tatu?

Mhariri,

Taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu magari ya umeme, ile yenye picha ya gari jeupe limechomekwa waya mbele ya nyumba yenye ua na majani yaliyofyekwa vizuri, imenikera mno. Gazeti hili nimelisoma miaka na miaka bila kuwaandikia, na mengi yameniudhi humo nikameza. Hili limenikaa kooni. Mwandishi wenu anatuambia kwamba kuchaji gari ni kama kuchaji simu: unafika nyumbani jioni, unachomeka, unalala, asubuhi unaondoka. Nyumbani kwa nani? Aje Kyanja, hapa Kampala, apite Ntinda, Najjera na Naalya, ahesabu maghorofa ya kupanga, kisha anionyeshe soketi ya mpangaji huko chini kwenye maegesho.

Umeme wenyewe upo. Bwawa la Karuma, megawati 600, lilizinduliwa rasmi Septemba 2024, na mitambo yote ya Uganda kwa jumla sasa inapita megawati 2,000, kiasi kinachozidi mbali matumizi yetu. Magari nayo si mageni. Makerere walitoa Kiira EV mwaka 2011, wengine wetu tukienda kazini kwa taksi, na Jinja leo kuna kiwanda cha mabasi ya umeme. Hata vijana wa boda boda wametupita: anafika kituoni, anatoa betri iliyokwisha, anapewa iliyojaa, anawasha, huyoo. Mimi mwenye gari nakwama kwenye hizo mita chache kati ya mita yangu ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, ghorofani na mahali ninapoegesha. Hapo hakuna waziri aliyepahutubia wala mwandishi aliyepauliza habari.

Nina Nissan Leaf iliyotumika, kutoka Japani, ile ya betri ndogo ya kilowati-saa 24. Kabla haijafika nilikwenda kwa meneja wa nyumba, nikamweleza, akacheka, akasema hakuna shida, mzee, soketi si ile pale ukutani? Soketi hiyo iko kwenye mita ya pamoja, ile inayolipia taa za ngazi, geti na pampu ya maji. Tukakubaliana ninunue tokeni zangu niziingize kwenye mita hiyo, na nikawa nikifanya hivyo, risiti zote za simu ninazo. Sasa tatizo la mita ya pamoja ni kwamba yuniti zikishaingia hazina jina. Mpangaji mmoja anaosha zulia, mwingine kamwambia kijana wake aoshe magari ya wageni, pampu inavuta maji kutwa nzima, na mimi ndiye ninayeonekana kwa sababu waya wangu ni wa rangi ya chungwa. Asubuhi moja yuniti zikaisha, pampu ikanyamaza, tangi likakauka watu wakiwa na sabuni usoni, na kabla sijavaa viatu kundi la wapangaji la WhatsApp lilikuwa limeshanihukumu. Nikatuma risiti. Hakuna aliyezifungua. Jioni nikakuta fundi amechomelea kisanduku cha bati juu ya soketi, na kufuli juu yake, ufunguo kwa meneja. Askari wetu wa usiku, ambaye alikuwa akichemshia chai yake kwenye soketi hiyo hiyo, sasa anahangaika na sigiri na makaa pale getini. Nilipomuuliza akanijibu kwa unyonge, “Mzee, mimi nimeambiwa tu.”

Nikateremsha waya kutoka dirisha la jikoni kwangu, kutoka kwenye Yaka yangu mwenyewe, ninayoilipia mwenyewe. Si waya wa duka la barabarani. Nilimwita fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme, akaweka waya mnene, breka yake peke yake na ethi. Chaja ya namna hii inavuta kilowati mbili na kidogo, sawasawa na birika la umeme, isipokuwa birika linazima baada ya dakika chache na gari linavuta usiku kucha, ndiyo maana waya mwembamba hautakiwi, wala ekstensheni iliyoviringishwa, kwa sababu inapata moto. Yote hayo nilimweleza Hajati mwenye nyumba kwa adabu, kwenye baraza yake, baada ya kumwamkia na kuulizia wajukuu. Hajati akaniambia waya unaifanya nyumba yake ionekane kibanda, na kwamba betri za magari hayo hulipuka, ameona kwenye simu. Hajati huyo huyo ana jenereta pembeni ya maegesho, na madumu ya dizeli yamepangwa chini ya ngazi, ngazi ya pekee tuliyo nayo, ambayo watoto wa shule wanashukia kila asubuhi. Umeme ukikatika jenereta linanguruma, moshi unapanda moja kwa moja hadi madirisha ya vyumba vya kulala, na sisi tunalipia dizeli hiyo ndani ya ada ya huduma. Hiyo siyo hatari. Hatari ni mimi.

Kisha meneja akaja na suluhisho: nilipe shilingi 300,000 kwa mwezi, “ada ya gari la umeme”, kufuli litafunguliwa. Mhariri, hebu tufanye hesabu. Kyanja hadi mjini na kurudi, pamoja na foleni, gari langu linakula yuniti nne au tano. Yuniti ya nyumbani ni shilingi mia saba na ushee, kwa hiyo siku nzima haifiki 4,000, na mwezi mzima wa kazi haufiki laki moja. Petroli ya safari hiyo hiyo, lita ikicheza kwenye 5,000, ingenila elfu kumi na zaidi kwa siku. Faida yote iliyonifanya ninunue gari hili ndiyo meneja anataka kuitia mfukoni, akiongeza na juu yake. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 imeweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka kupandisha kodi, basi wamejifunza kutogusa kodi. Wanazaa ada. Ada ya takataka, ada ya ulinzi, ada ya kisima kisichotoa maji, na sasa ada ya gari. Kodi iko pale pale, imetulia, na pesa zinazidi kututoka.

Tena nisiache hili la bei. Viwanda vina bei ya usiku, kuanzia saa sita hadi alfajiri, umeme unakuwa rahisi kwa sababu nchi imelala. Sisi wa majumbani hatuna. Tulichopewa ni bei nafuu ya kupikia, ile ya yuniti za 81 hadi 150 kwa mwezi, nayo ni nzuri, mke wangu ameacha makaa kwa ajili yake. Lakini ukipita 150 unarudishwa bei kamili, na mwenye gari lazima apite. Na hao wa chumba kimoja kimoja huko nyuma yetu, wanaoshiriki Yaka moja ya mwenye nyumba na kuuziwa kwa sub-mita kwa bei aliyoipanga yeye, hata hiyo ya kupikia hawaioni. Mtu anapikia mkaa chini ya nyaya za umeme, katika nchi yenye umeme wa kuzidi! Mwandishi wenu angeanzia hapo.

Wenzetu wamelifikia jambo hili. Ujerumani tangu Desemba 2020 mpangaji ana haki kisheria ya kudai awekewe sehemu ya kuchajia gari, kwa gharama yake. Uingereza, tangu Juni 2022, nyumba mpya ya kukaa yenye maegesho hairuhusiwi kujengwa bila chaja. Mimi siombi chaja. Naomba bomba. Bomba la plastiki, la kipenyo cha milimita 50, tupu, lianzie kwenye ubao wa mita na kufika kila sehemu ya kuegesha, lifukiwe kabla zege halijamwagwa. Mamlaka ya jiji, KCCA, na manispaa ya Kira wasipige muhuri ramani ya ghorofa yoyote ya kupanga isiyo na bomba hilo. Mwenye gari la petroli halimkeri, limekaa tupu ardhini. Mwenye la umeme anapitisha waya kutoka Yaka yake mwenyewe, kwa fundi wake, hakuna tokeni za pamoja, hakuna sabuni usoni, hakuna WhatsApp. Ukijenga, bei ya bomba haifiki bei ya vigae vya ukumbi wa chini vinavyotutelezesha mvua ikinyesha. Ukisubiri nyumba ikamilike, ni kuvunja sakafu.

Kwa nyumba zilizokwisha jengwa, kama hii ya Hajati, iandikwe tu kwamba mwenye nyumba hawezi kumkataza mpangaji kuteremsha waya uliowekwa na fundi mwenye kibali, na hawezi kumtoza kitu kwa umeme ambao hakuununua yeye. Kama hilo nalo ni zito kwa wabunge wetu, basi wapitishe sheria ya kuturuhusu kupandisha magari ghorofani, tuyalaze sebuleni karibu na soketi.

Kwa sasa nalichajia gari langu kwa shemeji yangu Mukono, ambaye ana ua. Naenda jioni, nalala huko, na umeme ninaoutumia kwenda na kurudi ndio huo huo niliofuata. Mwambieni mwandishi wenu aandike na hiyo, na picha aje kupiga kwetu. Kufuli bado lipo.

Mpangaji, ghorofa ya tatu
Kyanja, Kampala