Barua kwa Mwanangu kuhusu Picha za Marehemu Babu Yako

Mwanangu mpendwa Mwanaidi,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya. Sisi huku Dar es Salaam hatujambo, na mjomba wako anakusalimu sana.

Nimeambiwa umehuzunika kusikia kwamba tunauza picha alizochora babu yako na fedha zake kuzitoa kwa shirika linalotibu macho. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa kuwa jambo lenyewe lina mirathi ndani yake, nawe una haki ya kupewa maelezo yaliyonyooka.

Babu yako alijifunza kazi pale Morogoro Stores, Oysterbay, kwa mafundi waliofuata mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968, wa kuchora juu ya hadibodi kwa rangi za mafuta, zile zile za kupakia baiskeli. Picha hizo tangu mwanzo zilichorwa ziuzwe, na ndizo zilizonisomesha mimi. Wanaosema kwamba kuziuza ni kumdharau marehemu hawakumjua vizuri, maana yeye aliona haya kwa picha iliyokaa bila mteja, si kwa iliyonunuliwa. Isitoshe, stoo yetu ina unyevu. Pembe za hadibodi zimeanza kuvimba, na nyuma ya ile picha ya kanga wawili nimekuta udongo wa mchwa.

Kuhusu fedha kwenda kwa shirika la macho, hayo ni maagizo yake mwenyewe. Utakumbuka alivyopata mtoto wa jicho. Ugonjwa huo huitia ukungu lenzi ya jicho na kuipa rangi ya manjano, hivyo buluu humfikia mgonjwa ikiwa imefifia. Babu yako akawa anaongeza buluu, kisha anaongeza tena, hata anga la picha zake likawa zito kama wino. Shirika hilo lilimfanyia upasuaji wa kuondoa lenzi iliyoharibika na kumwekea ya bandia, naye hakutozwa hata shilingi. Bandeji ilipoondolewa na akarudi nyumbani, alisimama mbele ya picha yake ya mwisho akauliza ni nani aliyeharibu anga namna ile. Tulicheka sana siku hiyo. Baadaye alichora picha ile ile upya, twiga wale wale, kwa anga jepesi.

Aliusia mbele ya mashahidi kwamba picha zilizobaki ziuzwe na fedha zisaidie wengine watibiwe kama alivyotibiwa yeye. Kwa kuwa wasia kwa asiye mrithi hauruhusiwi kuvuka theluthi ya mali inayobaki baada ya madeni, tuliita kikao cha ukoo, picha zikathaminiwa, na ikaonekana hazifiki theluthi hiyo. Mjomba wako ameteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi. Hakuna mrithi aliyepunjwa, wala hakuna aliyelazimishwa.

Mnunuzi atachukua ubao, lakini hakimiliki haitamfuata. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999, haki hiyo hudumu miaka 50 baada ya kifo cha msanii, nayo inabaki kwa warithi. Atakayetaka kuchapa twiga hao kwenye fulana itambidi aje kwetu kwanza. Kila picha nimeipiga picha mbele na nyuma na kuandika vipimo vyake, kwa sababu kazi za kughushi zimejaa sokoni na saini peke yake haitoshi. Malipo yataingia moja kwa moja katika akaunti ya shirika. Nimekataa yapitie kwenye simu ya mtu yeyote wa familia, hata yangu, na nakala za stakabadhi nitakutumia.

Zile picha mbili za twiga, yenye anga zito na yenye anga jepesi, nimeamua zisitenganishwe: mwenye kuitaka moja atachukua zote mbili. Mjomba wako anasema sharti hilo litachelewesha mauzo. Mimi sioni tatizo zikichelewa. Kama una neno juu ya hilo, niandikie kabla mthamini hajarudi mwisho wa mwezi kupanga bei.

Wasalaam,
Mama yako