YAH: Malalamiko kuhusu umbali na muda wa safari kati ya viwanja vya ndege

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Sisi mawakala wa tiketi tunaotumia kikokotoo chenu cha safari za anga tunalalamikia makosa yanayowaponza abiria, hasa wale wanaounganisha ndege.

Kosa kubwa ni la maili. Kutoka JFK, New York, hadi Heathrow, London, mnaandika maili 3,000 na pembeni yake kilomita 4,828. Hizo maili 3,000 ni za baharini, ambazo ndizo zinazotumika katika usafiri wa anga, na kila moja ni kilomita 1.852. Ninyi mmezidisha kwa 1.609, kipimo cha maili ya nchi kavu. Umbali wenyewe ni takribani kilomita 5,550. Zaidi ya kilomita 700 zimepotea hivi hivi!

Kilomita hizo pungufu mnazigawa kwa 900, jibu mkaliita muda wa safari: saa 5 na dakika 22. Hata umbali ungekuwa sahihi, hesabu hiyo isingetosha. Ndege hutumia muda ardhini kabla ya kuruka na baada ya kutua, na mwendo wa kilomita 900 kwa saa huufikia ikiwa imeshapanda juu. Halafu kuna upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini huvuma upepo mkali kutoka magharibi, ndiyo maana ratiba za kwenda London huwa kama saa 7 na za kurudi New York kama saa 8. Kwenu, kwenda na kurudi ni sawa.

Tofauti ya majira nayo mmeifunga kwenye saa 5 mwaka mzima. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza husubiri Jumapili ya mwisho. Katikati hapo tofauti ni saa 4. Abiria akiondoka London saa 4 asubuhi, akasafiri saa 8, anafika New York saa 8 mchana, si saa 7 mnayomwonyesha. Aliyejiwekea saa 2 za kupita uhamiaji na kuchukua mizigo anabaki na moja, na hapo ndege ya pili humwacha.

Helsinki hadi Tokyo bado mnachora mstari juu ya Siberia. Tangu 2022 ndege za Umoja wa Ulaya hazipiti anga ya Urusi, na safari iliyokuwa saa 9 na nusu sasa ni kama 13.

Tunaomba mrekebishe kipimo cha maili, mtumie muda wa ratiba kwa kila upande, na majira yafuate tarehe ya safari. Wakati mkilishughulikia hilo, ondoeni kabisa sehemu ya muda wa kufika. Tunataraji jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mawakala wa tiketi, wateja wenu