Mpwa Wangu, Farasi 280 Si Farasi Walewale

Kwako mpwa wangu,

Ile sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara tatu. Unasema akiba ya kununua gari imetimia, umechora jedwali, umezilinganisha Subaru, Evo na Golf mstari kwa mstari, na jedwali limekataa kukupa jibu. "Mjomba, wewe umezimiliki zote tatu, niambie moja tu." Nakujibu hadharani kwa sababu vijana wengi wa hapa pwani wananiuliza hilohilo kila Ijumaa tukitoka msikitini, na majibu ya kusimama mlangoni yamenichosha.

Jedwali lako limekwama kwa kuwa magari yote matatu yanajaza visanduku kwa namba zilezile. Subaru yangu, Impreza WRX STI ya 2006, ilikuwa na injini ya lita 2.0 yenye turbo, ikivuta kwa magurudumu yote manne, nguvu za farasi 280. Evo, yaani Mitsubishi Lancer Evolution IX ya mwaka huohuo, lita 2.0, turbo, magurudumu manne, 280. Golf R ya Volkswagen ya 2014 niliyoagiza kutoka Japani, hivyohivyo, 280. Na namba hiyo ina kisa. Watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari lenye zaidi ya farasi 280, yakadumu mpaka 2004, na hata yalipovunjika hizo mbili zikabaki palepale. Golf nayo huko Ulaya ilitoka na 300. Zile zilizopelekwa Japani na nchi za joto kama Australia zilipunguzwa zikawa 280. Kwa sababu ya joto, mpwa wangu. Wewe unaishi Tudor, hapahapa Mombasa, na kwenye jedwali lako sijaona mstari wa joto wala wa chumvi.

Mapenzi haya hayakuanza na pesa. Mwaka 1996 Tommi Mäkinen alishinda Safari Rally na Lancer Evolution. Mwaka uliofuata Colin McRae akashinda na Impreza. Baraza letu la Majengo likagawanyika pande mbili, na mimi, kijana nisiye hata na baiskeli, nikaapa nitazimiliki zote mbili. Mama yako alikuwepo, muulize.

Subaru ilikuja kwanza, 2013. Jambo moja litakushangaza: ule mngurumo wa kudundadunda ambao watu wanausubiri kwenye Subaru, STI ya Japani ya miaka ile haiutoi. Mngurumo ule hutokana na mabomba ya ekzosi yaliyopishana urefu. Yangu ilikuwa na mabomba ya urefu sawa, yanayolisha turbo ya njia mbili, kwa hiyo sauti yake ilikuwa nyembamba, safi, ya kupanda tu. Vijana wa Bamburi walidhani imeharibika. Mimi niliipenda vile.

Shida yake niliijua Daraja la Nyali. Turbo hubana hewa, na hewa ikibanwa hupata moto, kwa hiyo kabla ya kuingia kwenye injini hupitishwa kwenye intakula ipoe. Intakula ya Subaru imelazwa juu ya injini yenyewe, chini ya lile tundu la boneti. Gari likikimbia, upepo unaingia tunduni na mambo ni mazuri. Sasa chukua Januari, kaskazi inavuma, saa kumi na moja jioni, foleni imeanzia Buxton. Hakuna upepo wa tunduni. Joto lote la injini linapanda juu na kukaa kwenye kile kifaa ulichotegemea kipoze. Unafika Kongowea, njia inafunguka, unakanyaga, na gari linakuitikia kama mtu aliyeamshwa usingizini. Hewa ya moto ni nyepesi, injini inapata pumzi haba, na kompyuta inachelewesha cheche ili injini isigonge, yaani mafuta yasilipuke kabla ya wakati wake. Mjapani alilijua hilo, ndiyo maana STI ina kitufe cha kuinyunyizia intakula maji kutoka tangi dogo lililo nyuma. Nililijaza tangi lile mara nyingi kuliko watu wanavyojaza maji ya kufutia kioo. Ukipata barabara wazi dakika tano, gari linarudi kuwa lilelile ulilolinunua. Lakini wewe kila siku unavuka daraja, na Voi unakwenda mara mbili kwa mwaka.

Hasara ilinipata 2015, na makosa nusu ni yangu. Kuna fundi, jina lake halina haja, alinishawishi aongeze presha ya turbo kwa kubadilisha hesabu za kompyuta. Petroli ya daraja la juu ya Japani ina okteni, kipimo cha mafuta kustahimili kugonga huko, ya 98 hadi 100, na injini ile ilipangwa kwa mafuta hayo. Super yetu ya kawaida haifiki huko. Hata bila kuguswa, gari lilikuwa tayari linajizuia kwa mafuta yetu, na sisi tukalizidishia mzigo. Wiki ya tatu, nikipanda Mazeras nyuma ya lori la kontena, nikatoka kulipita nikasikia mlio wa kokoto ndani ya mkebe. Kisha moshi wa samawati. Pistoni moja ilikuwa imekatika ukingo unaoshika ringi. Nilirudishwa mjini nimeketi ndani ya breakdown kama mgonjwa, na kuijenga upya injini kulinila karibu nusu ya thamani ya gari. Mtu yeyote atakayekuahidi farasi 350 kwa kompyuta tu na mafuta ya kituo cha jirani, mwambie ahsante na uondoke.

Niliiuza 2016 nikachukua Evo. Hapa ndipo kalamu yangu inataka kukimbia.

Una habari ya mlima wa Kwale, ile barabara inayopanda kutoka Kombani kuelekea Shimba Hills. Magari yangu yote matatu nimeyapandisha pale, Jumapili baada ya alfajiri, kabla matatu hazijaanza, na sikuhitaji kwenda kasi ya kunifungisha ndipo nijue tofauti. Subaru kwenye kona zile ilitaka kwanza kunyoosha pua kwenda nje, ikasubiri uipe mafuta, ndipo ikakaa. Ilikuwa imara, lakini ilikuomba subira. Evo haikuomba kitu. Ina difu ya nyuma inayolipa gurudumu la nje nguvu zaidi kuliko la ndani, kwa hiyo ukikanyaga katikati ya kona unahisi kiuno cha gari kinazunguka pamoja nawe, pua inaingia ndani badala ya kutoka nje. Usukani wake ni mwepesi kukata na mzito wa habari. Ukipita juu ya mchanga ulioshuka na mvua, viganja vinajua kabla ya macho. Nimeendesha magari miaka ishirini na tano na sijapata jingine lililonisemesha vile. Kasi sitini tu, kioo wazi, harufu ya msitu wenye umande, na moyo unakwenda mbio kwa furaha. Nilikuwa nikifika Kwale mjini nanunua mahamri, nageuza, nashuka tena.

Injini yake, ile 4G63, bloku yake ni ya chuma cha kusubu, si aluminiamu kama ya Subaru, na intakula iko mbele nyuma ya bampa, mahali pa upepo. Foleni ya Nyali iliitesa pia, ila ilirudisha pumzi mapema zaidi.

Kilichonitenganisha nayo ni bahari. Paa na boneti vya Evo IX ni aluminiamu, havikushika kutu hata kidogo, nami nikawa naviosha na kuvisifu huku chini chumvi inakula. Nyumba yetu, unaijua, ukisimama ukumbini unasikia mawimbi yakipiga mwamba. Miaka mitatu ilitosha kwa mabomba ya haidroliki ya difu ile kuoza. Kuyapata mapya kulichukua wiki saba, na bei sitaki kuiandika hapa. Halafu kuna nyanya yako. Nilimpeleka Kilifi kwenye hitima. Tulipofika Mtwapa, kwa matuta yale na shokabu ngumu zile, alikuwa ameshashika mgongo, na hakunilalamikia. Kule kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma. Nikaiuza 2020, na siku mnunuzi alipoondoka nayo nilikwenda Laithausi, kando ya bahari, nikakaa peke yangu mpaka magharibi.

Golf sina mengi ya kuisema, na hilo ndilo sifa na upungufu wake. Gia zinajibadilisha zenyewe kwa klachi mbili, moja ikiachia nyingine imeshashika, hivyo kwenye taa za kuongozea haina haja ya kuzionea wivu Subaru na Evo. Kipoza hewa cha abiria kinafanya kazi Januari kama Julai. Shangazi yako anaipeleka sokoni. Mlima wa Kwale inaupanda haraka kuliko zote mbili, nami nashuka nikiwa sikumbuki kona hata moja. Badilisha oili ya gia kila kilomita 60,000, usimsikilize anayesema ni ya maisha.

Sasa jibu lako. Mwenye gari jingine la kila siku, na sehemu ya kuegesha mbali na bahari, anunue Evo. Mwenye gari moja anunue Golf. Wewe utakuwa na gari moja. Kumbuka pia Kenya haipokei gari kuukuu lililozidi miaka minane, na Evo IX ya mwisho ilitoka 2007, kwa hiyo yoyote utakayoonyeshwa imeshakula matuta yetu miaka kumi na zaidi. Usiitazame ikiwa imesimama imeng'arishwa. Ipandishe kwenye jeki, ulale chini na tochi. Na uweke kando pesa za tairi nne na breki kabla hujalipa shilingi ya kwanza. Bima nayo ulizia mapema.

Lakini najua mapenzi, na najua jibu langu halitakulaza usingizi. Aliyenunua Evo yangu anaishi Kilifi, nimempigia jana. Amekubali uiendeshe Jumamosi ya kwanza ya Januari, kutoka kwake mpaka Vipingo kwenye mashamba ya mkonge na kurudi. Siku hiyo utakuja kwangu tutoke na Golf yangu, wewe ukiwa usukanini, uvuke nayo daraja saa ya foleni, redio ukiwa umeizima. Vaa viatu vya soli nyembamba, klachi ya Evo ni nzito na inashikia juu. Nitakaa kando yako, na sitasema neno mpaka unirudishie ufunguo.

Wako,
Mjomba