Gari Linalochomoka na Gari Linalokimbia

Swahiba yangu,

Hujambo? Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale ulipouliza lipi lina kasi, kisha ukaandika kuwa Bugatti Chiron, gari la petroli, imeshaimaliza Rimac Nevera, gari la umeme, kwa sababu iligusa kilomita 490 kwa saa. Hapo nimeshindwa kunyamaza.

Ni kweli iligusa. Agosti 2019, Andy Wallace, dereva wa majaribio wa Bugatti, aliiendesha pale Ehra-Lessien, uwanja wa kujaribia magari huko Ujerumani, ikafika 490.48. Lakini lile halikuwa Chiron ya kawaida: mkia ulirefushwa sentimita 25 ili upepo uachie vizuri nyuma, na injini ilikuwa na nguvu farasi 1,600 badala ya 1,500. Chiron ya kawaida imefungwa isivuke 420. Nevera nayo ilifika 412 Novemba 2022, huko huko Ujerumani, ingawa mnunuzi hukabidhiwa ikiwa imebanwa kwenye 352.

Kinachonivutia zaidi katika ile 490 ni tairi. Hebu fikiria: kwa mwendo ule, kila gramu ya mpira iliyo kwenye ukingo wa tairi inavutwa kuelekea nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 5. Gramu moja! Ndiyo maana tairi zile zilipigwa eksirei kwanza kabla ya kufungwa. Na upepo hauna huruma. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya injini ya kuupasua upepo inatakiwa mara nane. Gari lile lile, kulitoa 412 hadi 490, linadai nguvu zaidi kwa karibu asilimia 70. Kwa hiyo ninaiheshimu rekodi ile kwa moyo wote.

Ila wewe uliuliza lipi lina kasi, na kuchomoka ni habari nyingine kabisa. Chiron, kwa takwimu za Bugatti wenyewe, hufika 200 kwa sekunde 6.1 na 300 kwa 13.1. Nevera, katika majaribio ya mwaka 2023, ilifika 200 kwa sekunde 4.4 na 300 kwa 9.2. Usizitazame sana zile za 0 hadi 100. Majaribio mengine huanza kuhesabu gari likiwa limeshasogea futi moja, na hiyo peke yake inapunguza kama sekunde 0.2, kwenye shindano la sekunde 2 hicho si kidogo.

Watu husema gari la umeme huchomoka vizuri mwanzoni halafu pumzi inakata. Nami niliamini hivyo hadi nilipokaa na kalamu nikatoa hesabu. Mwaka 2017 Chiron ilitoka 0 hadi 400 kwa sekunde 32.6. Nevera ilitumia 21.3. Sasa chukua kipande cha 300 hadi 400 peke yake: Nevera kama sekunde 12, Chiron zaidi ya 19. Yaani hata pale gari limeshachanganya na upepo umekuwa ukuta, Nevera bado inavuta kwa nguvu zaidi. Ina mota nne, moja kwa kila gurudumu, jumla nguvu farasi 1,914, na hakuna kusubiri turbo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini ya petroli) wala kubadili gia.

Na kutokuwa na gia za kubadili ndiko kunakoibana Nevera kwenye mwendo wa juu kabisa. Mota ikishafika mwisho wa mizunguko yake, hakuna gia ya juu ya kuikimbilia. Chiron ina gia saba, na ile ya mwisho ndiyo inayoiruhusu iendelee kupanda taratibu, kilomita baada ya kilomita, mradi barabara haijaisha.

Kwa hiyo ukinipa barabara iliyonyooka karibu kilomita tisa kama ile ya Ehra-Lessien, nitachukua Bugatti yenye mkia mrefu. Ukinipa kilomita mbili, nitakuwa ndani ya Nevera, na wewe utaniona taa za nyuma tu. Nijibu upesi uniambie ungechagua barabara ipi.

Wasalaam,
Swahiba wako